Uchungu wa Mwisho

Ndeshi,
ndoo aliyoiacha Ondrei, Mcheki wa kiwanda cha chuma,
nimeiosha mara tatu kwa maji ya moto
na bado inanuka mtu aliyeondoka kwa haraka.
Kaacha na pakiti ya hopi ndani ya friza,
nyuma ya samaki wa Thankachan:
vidonge vya kijani, kama chakula cha sungura.

Siku kumi ndoo ilinong'ona kabatini.
Blup. Unahesabu hadi sitini. Blup.
Nje ni Sohar, nyuzi arobaini na sita,
na habari kama hizi huziambii jirani.
Kiyoyozi ndicho mlima wetu. Kikizima, tumekwisha.

Hamira imeshiba, imelala chini.
Ndipo hopi inapoingia: mwishoni, bila moto.
Ukiichemsha, alisema Ondrei, unapata ukali tu;
ukiitia ubaridini, unapata harufu.
Nilimwelewa kuliko alivyodhani.
Mama na gome lake la msesewe, unakumbuka,
akilianika juu ya bati la banda la mbuzi,
akilipima kwa kiganja, hana kijiko,
anaonja, anatema pembeni:
pombe isiyo na uchungu ni uji wa watoto.

Nimechemsha kokoto ya wadi dakika ishirini,
nikaifunga na vidonge katika kitambaa cha chai
ili kizame. Kikazama.
Thankachan mlangoni, macho mekundu ya kuchomelea,
ananusa, anasema kwa Kiarabu chetu cha saiti:
tembo la kwetu halingoji mtu,
asubuhi tamu, jioni siki.
Sisi tukangoja siku nne.

Kisha mpira, na chupa thelathini na moja za sharubati,
za tangu Ramadhani, nilizozikusanya usiku
nyuma ya duka la Mmalabari, kama mwizi wa vioo.
Kijiko cha sukari kila chupa,
hamira iamke mara moja zaidi, ipate cha kulalamikia.
Thankachan anabana vizibo. Mkono wake hautetemeki.
Ya kumi na saba niliitia sukari mara mbili.
Nilikuwa nasoma ujumbe wako.
*Mazishi Alhamisi. Usijisumbue na tiketi.*

Usiku wa tisa tangu Alhamisi hiyo
umeme ulikatika Falaj nzima.
Saa nane, mlipuko.
Nilijua ni ipi kabla ya kuwasha tochi.
Bi Zuweina wa chini akagonga dari kwa ufagio,
kisha akapanda mwenyewe, kanga begani,
na Kiswahili chake cha Unguja kisichobisha hodi:
"Nini hicho kilichopasuka?"
Siki, nikasema.
Akavuta pumzi, ndefu.
"Siki yako ina maua."
Nikatazama miguu yangu, imelowa.
"Achari yangu nayo ilipasuka," akasema,
"mwezi ule niliomzika mume wangu. Chumba kizima ndimu.
Futa kabla haijanata.
Na fungua madirisha ya nyuma, si ya mbele."
Akashuka, ngazi moja moja, gizani,
hakuuliza tena.

Jana nimefungua moja.
Povu jembamba. Ganda la chungwa, nyasi mbichi,
kitu kama mvua ya nchi ya mtu mwingine.
Thankachan kanywa, kafumba macho, kasema ni nzuri,
kisha akampigia mkewe simu, wakazungumzia paa.
Mimi niliushika ule uchungu nyuma ya ulimi,
nikaugeuza huku na huku.
Ulikuja umechelewa, kama ulivyotakiwa.
Msesewe haukuwamo.

Jambo moja, Ndeshi, kabla vocha haijaisha.
Pipa la mama, lile la mbao, chini ya uchaga:
wakija wajomba na maji ya moto na brashi,
waambie wanywe chai kwanza.
Wakatalie.
Msilisugue.
Hamira yake ingali mule, kwenye nyufa.